Njooni mpande miti, lakini slasha ziacheni ofisini

Mhariri,

Wiki jana katika baraza la chifu tulitangaziwa kwamba wale wageni wa siku ya miti watarudi ukingoni mwa mto Nyando, upande wetu wa Ahero, na kwamba kila mwenye shamba linalogusa mto "atayarishe mahali". Maana ya kutayarisha mahali naijua. Mara ya kwanza lilikuja lori moja na vijana kama ishirini wenye slasha na panga, na ilipofika saa nne asubuhi asao yote iliyokuwa nyuma ya zizi langu la mbuzi ilikuwa imelala chini kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe.

Miti naipenda. Ninacholilia ni kwamba asao nayo ni mti, na tayari ilikuwa pale.

Asiyeijua kwa jina hili la Kijaluo huenda ameipita njiani mara mia bila kuiuliza. Ni kimti chembamba cha jamii ya kunde, wataalamu hukiita Sesbania sesban, kinachojiotea kando ya mito, kwenye mitaro, vinamasini na ufuoni mwa ziwa letu la Viktoria. Shina lake haliwi nene kuliko paja la mtoto, lakini mwaka mmoja tu ukipita linaweza kunizidi kimo mara mbili na zaidi. Majani ni vijani vidogo vilivyopangwa jozi jozi kama manyoya ya ndege, na giza likiingia hujikunja. Maua ni ya manjano, yananing'inia kwa vishada, na ukiligeuza ua upande wa nyuma utaona madoadoa ya hudhurungi kana kwamba mtu amelirashia chai. Maganda ni membamba, marefu kuliko shubiri yangu, yamejisokota kidogo. Nilipasua ganda moja na mtoto wangu wa darasa la tano tukahesabu mbegu 38, kila moja ndani ya kijumba chake. Maganda yakikauka na upepo wa mchana ukivuma kutoka ziwani, hulia kama njuga.

Maisha yake ni mafupi: miaka minne, mitano, imezeeka. Hapo ndipo dharau inapoanzia. Ni mti gani huu usiotoa hata nguzo ya jiko? Mume wangu, aliyezaliwa hapa hapa kwenye uwanda wa Kano, huiita kuni zinazosubiri mvua ikatike.

Sasa nirudi kwenye lori. Ilikuwa Jumatatu, 13 Novemba 2023. Serikali ilikuwa imetangaza siku ya mapumziko nchi nzima ili watu wapande miti, kwa ajili ya ule mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Ofisi iliyowatuma vijana wale sitaitaja, na wao wenyewe hawakuwa na ubaya wowote. Hata soda waliwapa wanangu. Lakini nilipoona asao ya kwanza inaanguka nilitoka zizini mbio na ndoo mkononi.

"Mama, mbona unatuzuia? Hiki ni kichaka tu," mmoja akaniambia.

"Kijana wangu, kichaka cha mita tano?"

Akakitazama juu hadi chini. Alikuwa na adabu. "Ni kweli ni kirefu, mama. Lakini hakiko kwenye orodha."

Akanionyesha simu yake. Orodha ilikuwa na mgrevilea, mkaratusi na mti mmoja wa matunda, na kando ya kila mti kulikuwa na nafasi ya kujaza idadi. Asao haikuwa na mstari wake, kwa hiyo haikuwa mti. Walifyeka hadi ukingoni kabisa, maji yakaonekana kutoka mlangoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe hapa 2004, wakapanda miche 400 kwa mistari iliyonyooka kama madaftari ya shule, wakapiga picha, wakaondoka kabla ya mvua ya jioni. Mama mkwe wangu, ambaye hadi leo haniiti jina jingine ila Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, alikuwa ametulia chini ya mwembe muda wote huo. Vumbi la lori lilipotua akaniuliza, "Nyar Maragoli, hawa walilipwa kung'oa au kupanda?" Nikamwambia yote mawili.

Mwaka ule mvua za El Niño hazikuacha hadi Desemba. Udongo wetu wa Kano ni mweusi, wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, na ukilowa hauachi maji yaende popote. Miche ya mgrevilea ilisimama ndani ya maji wiki baada ya wiki. Mgrevilea ni mti mzuri huko kwenye vilima vyenye udongo mwekundu, chai ya Nandi imezungukwa nao, lakini haujazaliwa kuoga. Ikawa ya manjano, ikadondosha majani. Krismasi ilipofika ningeweza kuihesabu iliyo hai nikiwa nimekaa. Kisha mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakaja, yale ambayo Kenya nzima inayakumbuka, na Nyando akamaliza hesabu.

Kutoka kwenye nguzo ya zizi langu hadi ukingo palikuwa na hatua 31. Najua, kwa sababu mbuzi huyu mweupe nilimfunga kwa kamba nikipima asifike majini. Sasa ni hatua 24. Hatua saba za shamba la watoto wangu zimekwenda ghuba ya Winam, pamoja na miche, pamoja na kibao kilichoandikwa jina la ofisi.

Sisemi asao ingelizuia Nyando. Maji yale yalibomoa vitu vilivyojengwa kwa saruji. Na wanaoujua mto watasema kona ya nje huliwa siku zote, nami nakubali, kwangu ni kona ya nje. Lakini jirani yangu wa upande wa juu yuko kwenye kona hiyo hiyo, hata hatua mia moja hazitutenganishi. Lori halikufika kwake kwa sababu ya mtaro, na asao yake ikabaki. Maji yaliposhuka tulikwenda kutazama. Nusu ya vimti vilikuwa vimelala, vimeelekezwa ziwani kama watu wanaosujudu, mizizi ya upande mmoja iko nje. Kati ya mashina palikuwa pamejaa matawi, mabua ya mahindi, kandambili moja ya bluu, na tope jipya linalofika juu ya goti. Ukingo wake ulipoteza kama hatua moja.

Nilichuchumaa nikatazama mashina yaliyokuwa bado ndani ya maji, na hapa naomba msomaji achuchumae nami. Asao ikikaa majini muda mrefu, sehemu ya shina iliyozama huvimba na kuwa laini kama sifongo, ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia ndani na kurudi. Kutoka hapo huchomoa mizizi mipya mingi, myembamba, mingine myeupe na mingine ya waridi, ambayo haiendi chini. Inatandaa majini na kuelea. Mti mwingine ukifunikwa na maji, mizizi yake hukosa hewa ukaoza. Huu unajitengenezea njia za kupitisha hewa. Na ile mizizi ya kuelea ndiyo inayokamata takataka na tope, ukingo ukajengwa upya kwa udongo wa mtu mwingine. Samahani kwa watu wa Londiani na Muhoroni, lakini udongo wenu uko kwa jirani yangu.

Mimi asao sikuijulia Kano. Nimezaliwa Vihiga, kwenye vilima, na huko ilikuwa na jina lake kwa lugha ya mama, ingawa miaka ya Kano imenizoesha kusema asao hata nikiwa kwetu. Iliota kule chini kwenye kijito tulikoteka maji. Mtu akiikuta imejiotea katikati ya mahindi mara nyingi aliiacha, kwa sababu wazee waliona mahindi yaliyo karibu nayo yana rangi. Hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka 1997, nikiwa darasa la saba, watafiti wa KEFRI na KARI, taasisi za Kenya za misitu na kilimo, pamoja na ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, waliokuwa na kituo Maseno walianza kufanya kazi na wakulima katika vijiji vya Vihiga na Siaya. Walikuja na mbegu ndani ya vifuko. Baba alizimwaga kiganjani, akazinusa, akacheka hadi akakohoa: watu wametoka Nairobi na gari kubwa kutuletea magugu ya mtoni! Lakini mama alizichukua. Tulichemsha maji, tukayaacha yapoe kidogo, tukazimwagia na kuziacha usiku kucha, kwa sababu ganda la mbegu hiyo ni gumu na bila hivyo inaweza kukaa ardhini ikikutazama tu. Tukazipanda katikati ya mistari ya mahindi wakati wa masika. Mahindi yalipovunwa, asao ikabaki peke yake shambani kipindi chote cha vuli, na kabla ya masika yaliyofuata tukaikata, majani tukayafukia, mashina yakaenda jikoni.

Ilivyo ni hivi. Kwenye mizizi ya asao kuna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu kuna bakteria wanaokamata naitrojeni iliyo hewani na kuugawia mti, mti nao unawalisha sukari. Ukikifikicha kinundu kilicho hai kwa ukucha, ndani ni chekundu cha waridi kama nyama. Kikiwa cha kijivu au cha kijani, kazi imekwisha. Tena mizizi yake huenda chini kuliko ya mahindi, ikapandisha rutuba ambayo mvua ilikuwa imeizamisha mbali. Na lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi, kayongo kwa Kijaluo, huchezewa na mti huu: mizizi ya asao huziamsha mbegu za kayongo ardhini zikaota, lakini hazipati pa kushika, zikafa njaa. Nilipoelezwa hivyo na mmoja wa watafiti wale wa Maseno nilifurahi kama mtu aliyesikia adui yake ametapeliwa.

Msimu uliofuata mahindi ya mama yalikuwa ya kijani kibichi, yale ambayo mtu husimama barabarani kuyaangalia. Baba hakucheka tena. Lakini hakusema kitu pia.

Kwa nini basi ukienda Vihiga leo huoni mashamba ya asao? Naeleza kwa sababu wapo watakaosema kama ungekuwa mti wa maana usingeachwa. Kwanza, ardhi. Sensa ya 2019 ilikuta Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Mwenye robo ekari ukimwambia apumzishe shamba msimu mzima, anakuuliza watoto nao wapumzishe tumbo? Pili, udongo wetu ulikuwa na njaa mbili. Asao huleta naitrojeni, fosforasi haina pa kuitoa, na bila fosforasi mahindi hayaendi mbali. Wenye uwezo waliongeza unga wa mawe ya Minjingu kutoka Tanzania, wasio na uwezo walikata tamaa. Tatu, na hili watu wa kwetu hawapendi lisemwe: wengi walipanda asao ili wauze mbegu. Mashirika yalikuwa yakinunua. Mama aliuza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, akaninunulia viatu vya kwanza vya ngozi. Wanunuzi walipoacha kuja, asao ikang'olewa karibu kila boma. Mama alibakiza mitatu nyuma ya jiko, kwa kuni zinazowaka haraka bila moshi mwingi na kwa vijiti vya maharagwe ya kutambaa.

Mwaka 2002 tulisikia redioni kwamba Pedro Sanchez, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa ICRAF, ametunukiwa Tuzo ya Dunia ya Chakula, na miongoni mwa kazi alizosifiwa ni hiyo ya kurudisha rutuba ya mashamba ya Afrika kwa miti kama hii. Miaka 21 baadaye kijana mwenye simu ananiambia haiko kwenye orodha.

Nisije nikaonekana naiuza. Asao ina ubaya wake na mimi nimeulipia. Nilipoanza kulima nyanya hapa nilijiambia: mahali ilipoota asao pana rutuba, nitapanda hapo. Nikang'oa vimti kumi hivi, nikapanda miche 600. Ilipofika wiki ya saba nyanya zilinyauka mchana, zikainuka jioni, zikanyauka tena. Niling'oa mche mmoja nikaona mizizi imejaa uvimbe, nikafurahi! Nikamwita mume wangu, nikamwambia hivi ndivyo vile vinundu vya naitrojeni. Nyanya hazina vinundu vya naitrojeni, wasomaji. Hiyo ilikuwa minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayoingia mizizini na kuifanya ivimbe mafundo, na asao huilea vizuri sana. Nilipoteza karibu shamba zima. Tangu siku hiyo najua tofauti kwa vidole: kinundu chema kimebandikwa kando ya mzizi, ukikisugua kinabanduka; fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, halitoki mpaka uuvunje. Usipande nyanya baada ya asao. Panda mahindi au mtama.

Kuku nao, vifaranga hasa, usiwape mbegu wala majani yake, yanawadhuru. Mbuzi kwa upande wao wangeuza zizi kwa kitawi kimoja. Wangu watano nawakatia asubuhi nikichanganya na nyasi, na katika kiangazi cha Januari, wakati kila kitu kando ya barabara ya Ahero kina rangi ya kadibodi, asao bado ni ya kijani. Kuna mbawakawa wadogo ambao wao na funza wao hula majani hadi unabaki uti mtupu, miaka mingine huja kwa wingi, miaka mingine hawaonekani. Nawaachia wao na ndege.

Namna ya kukata ni muhimu, na hapa ndipo nilipouma meno siku ile ya lori. Asao ikikatwa juu ya goti huchipua. Ukiikata chini kabisa, inakufa. Slasha zile zilipita usawa wa kifundo cha mguu.

Kuna mambo mengine yaliyoondoka ambayo siwezi kuyapima kwa hatua. Lile nyuki kubwa jeusi linalotoboa mbao za paa, ambalo watu huliua kwa malapa, ndilo mteja mkuu wa maua ya asao. Ua limefungwa kama pochi. Nyuki mdogo anahangaika mlangoni, yule mkubwa akitua uzito wake tu unalifungua, chavua inampaka tumboni, anaondoka kwenda kwenye ua jingine akivuma kama pikipiki ya mbali. Asubuhi nilikuwa nikiwasikia nikiwa nakamua. Mdiria naye alikuwa na tawi lake lililoinamia maji. Na mvua za masika zikianza, mto ukipanda hadi kwenye mashina, samaki aitwaye ningu hupanda kutoka ziwani kuja kutaga mahali palipofurika, penye majani na vijiti, maji yakiwa yametulia. Mama mkwe anasema zamani waliokota ningu kwa vikapu. Sasa ningu ni samaki wa kusimuliwa, na sababu ni nyingi, nyavu zikiwa ya kwanza. Lakini samaki aliyebaki akija na kukuta ukingo mtupu ulionyolewa, maji yanapita kasi kama mferejini, atataga wapi?

Kuhusu mkaratusi, nashangaa kuuona kwenye orodha ya kupandwa kando ya mto. Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira 2009, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ikatwe kwa sababu ya kiu yake. Hata mimi nisiye na ofisi nakumbuka.

Ninachoomba ni hiki. Sheria inatutaka wakulima tuache ukingo, kati ya mita 6 na 30 kulingana na ukubwa wa mto, na mimi nimekubali ingawa mto wenyewe hauniachii mita zangu. Sehemu hiyo iachiwe asao, matete na vyote vilivyojileta. Miche ya mkuyu na ya mgunga wa maji ipandwe nyuma yake, hata katikati yake, chini ya kivuli chepesi, kwa sababu hiyo ni miti inayoyajua maji. Asao itailinda dhidi ya jua na mbuzi wa watu, itaipa naitrojeni, na ikifa baada ya miaka minne au mitano mkuyu utakuwa umeshika. Haitahitaji kufyekwa. Itaondoka yenyewe, bila lori.

Na ile orodha iongezewe mstari mmoja. Kama tatizo ni hesabu, waje na kalamu. Pale kwenye tope jipya, mahali ilipokuwa miche yao 400, mto uliacha mbegu kutoka kwa jirani yangu au kutoka kwa mtu nisiyemjua huko juu. Juni 2024 ziliota nyingi kama mchicha. Hakuna aliyechemsha maji wala kuziloweka; mama mkwe anasema Nyando ana sufuria yake. Nyingi zilikufa zenyewe kwa kusongamana. Mtoto wangu alihesabu zilizopita urefu wake akapata 212, na zimekwisha kutoa maua mara moja.

Hizo ndizo zilizoko "mahali" ninapotakiwa kupatayarisha. Nimewahamisha mbuzi upande wa pili wa nyumba wasizifikie, na kwenye njia ya lori nimeweka mkokoteni wa mume wangu, ambao gurudumu lake moja, kwa bahati, halijatengenezwa tangu Pasaka.

Nyar Maragoli,
Ahero, Kisumu